Neno "Maendeleo" na Maana Zake

Katika maneno yatumikayo siku hizi, ni machache yatajwayo mara nyingi kama maendeleo. Hutajwa barazani na bungeni, hutajwa harusini na matangani, na kila alisikiaye hutikisa kichwa kwa kukubali. Neno lisilo na mpinzani lafaa kuchunguzwa, kwani huenda kila mtu akubali jambo lake mwenyewe.

Shina lake ni enda. Enda huzaa endea, kisha endelea, yaani kushika mwendo bila kuuacha. Kitenzi hiki hakisemi kama njia ni njema au mbaya. Twasema, "Mgonjwa anaendelea vizuri," tukafurahi. Twasema, "Ugonjwa unaendelea," tukahuzunika. Hapo kwanza hatukuwa na budi kuongeza "vizuri", maana kitenzi peke yake hakikutosha. Mvua huendelea, na vita huendelea vilevile.

Hali kadhalika, Kiingereza hutumia kitenzi kimoja pale ambapo Kiswahili chatumia vingi. Kwetu mtoto hukua, mti husitawi, picha ya kamera husafishwa, na homa huzidi. Kila kitenzi chachukua hukumu yake: asemaye "shamba limesitawi" amekwisha kusifu, naye asemaye "homa imezidi" amekwisha kuonya. Tena walimu wa zamani walipomwambia mtoto, "Endeleza neno hili," walitaka azitaje herufi zake moja baada ya moja. Akiruka herufi moja, neno liliharibika.

Katika mambo ya serikali na siasa hukumu hizi zote zimekusanywa katika jina moja, nalo jina hilo limehesabiwa kuwa jema lenyewe. Twasikia kwamba "maendeleo yameletwa" mahali fulani, kana kwamba ni mzigo ulioshushwa garini. Hapo mwenye kwenda ametoweka. Chama cha wanawake wa Kenya, kilichoanza mwaka 1952, kilipewa jina lisemalo vema zaidi: Maendeleo ya Wanawake. Kwani jina hilo lataja wenye mwendo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne yatakiwayo ili nchi iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu ndio waliotangulia. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mwingine, ila hujiendeleza wenyewe. Twalikubali neno hilo kwa moyo wote. Lakini kuanzia mwaka 1973 wakulima wengi wa Tanzania walihamishiwa vijijini kwa amri, na wengine kwa nguvu. Jina lilibaki lile lile, maendeleo. Kitenzi ndicho kilichogeuka, kutoka kuendelea kuwa kuendelezwa. Aliyesikiliza jina tu hakuona badiliko; aliyesikiliza kitenzi aliliona.

Yako pia makosa katika kusema "nchi zilizoendelea" na "nchi zinazoendelea". Kiambishi -li- chaonyesha jambo lililopita, kana kwamba nchi za kwanza zimefika mwisho wa safari na kuketi. Nacho -na- chaziacha nyingine njiani daima. Wala hapana asemaye waendako ni wapi.

Hatusemi neno hili liachwe. Limezaliwa kwa sheria za lugha, na kazi yake ni kubwa. Bali twawasihi waandishi na wasemaji, kila walitumiapo, wajibu maswali matatu: nani aendaye, atoka wapi, na aenda wapi? Ikiwa ni shule, na waseme shule. Ikiwa ni maji, na waseme maji. Wazee wetu wa pwani walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Baharia yule amekwenda mbele na nyuma mchana kutwa, na hakuna awezaye kukana kwamba aliendelea kwenda, lakini jioni yu ndani ya chombo kile kile.