Mutu aliyerudishwa: juu ya muchezo wa televizyo «Rectify»

Tumezoea michezo ya televizyo ambamo mutu anauawa mwanzoni, polisi wanatafuta, na mwishoni mwuaji anashikwa. Mutazamaji anazima televizyo, anaenda kulala, roho yake imetulia. Muchezo tunaotaka kuusema hapa unaanza pale ambapo mingine inaishia, tena unatunyima usingizi. Jina lake ni «Rectify», maana yake kunyosha kilichopinda. Uliandikwa na Ray McKinnon, muzaliwa wa jimbo la Georgia katika Marekani, ukaonyeshwa na SundanceTV tangu mwaka 2013 mpaka mwaka 2016, vipande 30 kwa jumla.

I. Hadisi yenyewe

Daniel Holden alikuwa kijana wa miaka 18 alipokamatwa juu ya kifo cha musichana Hanna Dean. Polisi walimuuliza saa nyingi, mwishowe akakiri kwamba yeye ndiye aliyemwua. Akahukumiwa kufa. Miaka 19 alikaa katika kijumba cheupe akingoja siku yake. Kisha kipimo cha ADN kikaonyesha kwamba alama zilizopatikana katika mwili wa marehemu hazikuwa zake. Juji akaivunja hukumu, na Daniel akarudishwa kwa mama yake katika muji mudogo wa Paulie.

Tuangalie vizuri lakini. Hukumu imevunjwa, bali hakuna aliyetangaza kwamba mutu huyu hana kosa. Serikali inaweza kumushitaki tena. Mushitaki wa zamani, Foulkes, sasa ni seneta. Cheo chake kilijengwa juu ya kesi ile, naye hataki kusikia kwamba alikosa. Na Daniel mwenyewe, kwa kuulizwa sana na kufungwa sana, hana tena hakika ya yaliyotokea usiku ule. Hapo ndipo muchezo huu unapopita mingine yote ya namna yake: hautuambii upesi kama Daniel aliua ao hakuua. Unatulazimisha kumutazama kwanza kama mutu, kabla ya kumutazama kama kesi.

II. Lazaro na siku zilizofuata

Vipande 6 vya kwanza ni siku chache tu, pole pole, saa kwa saa. Wengine watachoka. Sisi tunaona kwamba upole huo ni wa lazima. Mutu aliyeishi miaka 19 bila kuchagua hata saa ya kulala, anasimama katika duka kubwa akishangaa wingi wa vitu. Baba yake alikufa wakati yeye yuko mu buloko. Mama yake aliolewa tena. Ana mudogo wake, Jared, aliyezaliwa nyuma ya kufungwa kwake. Dada yake Amantha alitumia ujana wake wote kumutetea, na sasa, kazi hiyo ikiisha, hajui aishi kwa ajili ya nini. Hivi kuta za buloko zilifunga jamaa nzima.

Injili inasimulia namna Lazaro alivyotoka kaburini, lakini inasema maneno machache sana juu ya siku zilizofuata. Yoane anatuambia kwamba Lazaro alikaa mezani pamoja na Bwana, na kwamba wakubwa wa makuhani walifanya shauri la kumwua naye pia, maana uzima wake uliwaletea haya. Tulipomuona Daniel akipigwa karibu ya kufa pale kwenye kaburi la Hanna, na kaka wa marehemu pamoja na wenzake, tulifahamu zaidi sura hiyo ya Yoane. Mutu aliyerudi kutoka mautini anasumbua kila mutu aliyekwisha kumuzika.

III. Kerwin

Sehemu iliyo bora, kwa maoni yetu, si hadisi ya asiye na kosa. Ni ile ya Kerwin, jirani yake katika safu ya waliohukumiwa kufa. Wanaongea kupitia ukuta, wanacheka, wanafarijiana. Kerwin hadai kwamba hakukosa. Halafu siku yake inafika, anachukuliwa, na Daniel anabaki akiutazama ukuta ulionyamaza.

Kwa nini tunasifu jambo hili? Kwa sababu ni rahisi kukataa azabu ya kifo tukimuhurumia tu yule aliyehukumiwa kwa makosa. McKinnon hakubali urahisi huo. Anatuuliza: na yule aliyekosa kweli, je, uzima wake si wa Mungu? Mwaka 2018 Papa Francisko alibadili namba 2267 ya Katekisimu, inayofundisha sasa kwamba azabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu inashambulia heshima ya mutu; na heshima hiyo haipotei hata nyuma ya kosa kubwa. Wenye kusoma namba hiyo darasani watapata katika Kerwin sura ya kuielewa. Sisi Wakongo tunalo deni la kuielewa upesi: kizuizi kilichowekwa mwaka 2003 juu ya kutekeleza hukumu za kifo kiliondolewa na serikali mwezi wa 3 wa mwaka 2024, na maaskofu wetu walipaza sauti kukataa.

IV. Ubatizo na uongo

Mambo mawili yatawagusa sana waseminari.

La kwanza ni Tawney, muke wa Teddy, na Teddy ni mutoto wa baba wa kambo wa Daniel. Mama huyo kijana ni Muprotestanti mwenye imani safi. Anamupeleka Daniel kanisani, naye anabatizwa. Furaha ni kubwa. Lakini siku zile zile mikono ya Daniel inamukaba Teddy shingoni, na kumutendea haya kubwa. Je, muandishi anacheka ubatizo? Hatuzani. Analaumu haraka yetu, sisi tunaotaka neema itusaidie kukwepa kazi ya kumusindikiza mutu. Maji ya ubatizo ni ya dakika moja. Vidonda ni vya miaka 19.

La pili ni zito zaidi. Ili asishitakiwe tena, Daniel anakubali kutia sahihi maandishi yanayosema kwamba aliua, kisha anafukuzwa katika jimbo lake. Amri ya nane inakataza uongo. Lakini ni nani aliyesema uongo hapa? Mutu aliyeshikwa na hofu ya kurudi kwenye kijumba cheupe, ao wale waliomuwekea mbele milango miwili na yote miwili mibaya? Waalimu wetu wa teolojia wanatufundisha kwamba hofu kubwa inapunguza daraka la mutenda. Muchezo unaonyesha pia bei ya sahihi ile: mwuaji wa kweli hatafutwi tena, na mama wa Hanna anapewa amani ya bandia.

V. Lawama yetu

Tuna lawama mbili. Jamaa ya Hanna inapewa nafasi ndogo. Tungependa kumusikia mama yule zaidi, kwa maana hakuna haki inayomusahau marehemu. Tena Kerwin ni mutu mweusi, na tunamuona karibu siku zote kwa macho ya Daniel aliye mweupe. Anakufa, na kifo chake kinamusaidia mwingine kukomaa. Katika Marekani, zaidi ya nusu ya waliosafishwa hukumu zilizokosa ni watu weusi. Kerwin alistahili hadisi yake mwenyewe.

VI. Neno la mwisho

Vipande vya mwisho viko Nashville, katika nyumba ya wafungwa waliofunguliwa. Pale Daniel anafanya kazi katika gudauni, anakula pamoja na wenzake, anaanza kusema kidogo kidogo juu ya mambo yaliyompata kule buloko. Kesi inafunguliwa tena, lakini hatuoni hukumu mupya. Tunaona tu mutu anayesubutu kutumaini, na mutazamaji hapewi kingine.

Kwa vijana wadogo muchezo huu haufai, juu ya ukali wa maneno na matendo mengine. Kwa watu wakubwa, na zaidi kwa wale watakaotumwa siku moja kusalisha wafungwa, tunaupendekeza bila wasiwasi. Padri anajua kumutembelea mutu aliyefungwa, Bwana ametuamuru. Lakini siku mulango unapofunguliwa, mara nyingi tunafikiri kazi imekwisha. «Rectify» inatuonyesha kwamba siku hiyo kazi ndiyo inaanza, na kwamba aliyetoka anahitaji nyumba, meza, kazi ya mikono, na mutu mumoja asiyechoka kumusikiliza.