Mtoto wa Mikono

Siku hizi walimu husikia mara nyingi ya kuwa watoto hutofautiana katika njia ya kupokea elimu: mmoja hupokea kwa macho, mwingine kwa masikio, wa tatu kwa kusoma na kuandika, na wa nne kwa mikono na mwendo wa mwili. Mgawanyo huu ulienezwa tangu mwaka 1992 na Neil Fleming, mwalimu wa New Zealand. Sisi twausifu kwa jambo moja, nalo si dogo: umemtetea mtoto asiyeweza kutulia bencini, ambaye zamani alijibiwa kwa fimbo. Walakini twauogopa pia, kwa kuwa tumeyaona matunda yake.

Katika shule moja ya huku mlimani kijana mmoja alihesabiwa kuwa "mtoto wa mikono." Basi wenziwe waliposoma, yeye alitumwa kumwagilia miche ya kahawa na kukata majani ya ng'ombe. Alifurahi, na mwalimu alifurahi zaidi, maana darasa lilitulia. Mwisho wa mwaka ikaja barua ya kaka yake kutoka Dar es Salaam. Ikamshinda, mama yake akaipeleka kwa jirani isomwe.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Otto Raum, katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya utoto wa Wachaga, aeleza jinsi watoto walivyojifunza kwa kuigiza kazi za wakubwa michezoni. Naye Mchungaji Bruno Gutmann wa Old Moshi aliyaandika mafundisho ya jandoni katika vitabu vitatu, 1932 hata 1938. Humo twasoma habari za mregho, kijiti kilichokatwa alama. Mwalimu aliimba mafundisho akizifuata alama moja moja. Macho, masikio na mkono vilifanya kazi pamoja, na somo lilikuwa la vijana wote.

Hata wataalamu wanne wa Marekani, walipoyapima maandiko juu ya jambo hili mwaka 2008, hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaidika kwa kufundishwa kwa njia ya aina yake.

Kwa hiyo twasema, somo lenyewe na lichague njia. Mteremko wa maji ya mfereji haufahamiki ubaoni tu: darasa zima na litoke, lichimbe kijifereji nyuma ya shule, limwage maji na kutazama yanakokataa kwenda. Robo na nusu na zikatwe katika muwa (ingawa muwa huliwa kabla hesabu haijaisha). Kisha wote warudi ndani, waandike walichokiona.

Yule kijana alikata mizigo miwili ya majani kila siku. Angaliweza kuhesabu mizigo ya juma zima, kuiandika, na kuwasomea wenziwe. Hakupewa daftari.