Juu ya Maneno ya Kukosa na Kupungukiwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Muleba, anayejifunza Kiyunani katika chuo cha dini, alitujia na daftari lake. Alikuwa amepewa kazi ya kugeuza maneno ya Kiingereza kuwa ya Kiyunani, nayo yote yalikuwa ya jamaa moja: ya kutokuwapo, ya kukosa, ya kupungukiwa na ya kuachwa. Tena alikuwa na haja nyingine. Kijijini kwao palikuwa na msiba, watoto watatu wamebaki bila baba wala mama, naye aliombwa kunena maneno machache katika nyumba ile. Alikusudia kunena juu ya sura ya 14 ya Injili ya Yohana. Basi akatuuliza, "Mwalimu, je, maneno haya nimeyageuza vema?"

Tulilisoma daftari lile jioni nzima. Twaandika hapa tuliyoyaona, kwa kuwa makosa yaliyomo si ya kijana peke yake. Ni yetu sote tuliozoea kupitia Kiingereza kila tuendako, hata tunapokwenda mahali ambapo njia ya kwetu ni fupi zaidi.

Neno la kwanza lilikuwa "want". Kijana aliandika mbele yake neno la Kiyunani thelo, maana yake kutaka au kupenda. Kwa Kiingereza cha leo hakukosea sana. Lakini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hulitumia neno hilo kwa maana ya kale, yaani kupungukiwa. Hulitumia katika zaburi ya mchungaji, ambayo kwetu ni ya 23 na katika Kiyunani cha Septuaginta ni ya 22; hulitumia katika habari ya arusi ya Kana; hulitumia tena katika habari ya mwana mpotevu. Msomaji wa leo akisoma habari ya Kana katika Kiingereza kile aweza kudhani kwamba wageni walikuwa na hamu ya divai, kumbe divai ilikuwa imekwisha. Na akiigeuza zaburi ile kwa neno "kutaka", atamfanya mchungaji kuwa mtu asiyetakiwa na kondoo wake mwenyewe.

Katika mahali pote patatu Kiyunani kina neno moja, hysterein. Shina lake ni hysteros, maana yake aliye nyuma, au ajaye baadaye. Kupungukiwa, kwa Myunani, ni kuchelewa nyuma ya kitu. Sisi tulio watu wa ndizi twaweza kulielewa mara moja. Mgeni afikapo katika karamu akakuta chakula kimekwisha na majani ya migomba yamekunjwa, huyo hakunyimwa, wala hakukataa kula. Amefika nyuma ya chakula. Wenzake wamekifikia kitu ambacho yeye hakukifikia. Ndiyo picha iliyomo ndani ya neno lile.

Sasa tuwatazame wafasiri wa Kiswahili. Agano Jipya la tafsiri ya Muungano lilitolewa mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952, nayo ndiyo isomwayo na wengi wetu hata leo. Kwa neno hilo moja la Kiyunani wafasiri wale walitumia maneno matatu. Divai ya Kana walisema ilitindika. Mwana mpotevu walisema alianza kuhitaji. Tajiri yule wa Marko sura ya 10, aliyeambiwa kwamba limebaki jambo moja, walisema amepungukiwa.

Twawasifu kwa neno la kwanza. Kutindika ni neno halisi la Waswahili, la kitu kilichokuwapo kikafikia mwisho wake, ingawa vijana wetu wengi hawalijui tena, na mwalimu hana budi kulieleza. Neno la tatu pia ni zuri sana, na tutalirudia. Lakini hilo la pili twaliona kuwa dhaifu. Mtu aweza kuhitaji kitu naye hajapungukiwa bado, kama mkulima ahitajivyo jembe jipya huku la zamani likiwa mkononi. Mwana yule alikuwa ameishiwa kabisa. Kama wafasiri wangalisema "kupungukiwa" hapo pia, msomaji angalisikia kengele ile ile ikilia kwa tajiri na kwa mtapanyaji: mmoja ana mali nyingi, mwingine hana kitu, na wote wawili wamebaki nyuma. Katika Kiyunani kengele hiyo yasikika wazi.

Neno la pili la daftari lilikuwa "lack". Kijana, kabla ya kuliandika kwa Kiyunani, alikuwa ameliandika kwa Kiswahili pembeni: ukosefu. Hapa tulisimama kwa muda mrefu, kwa sababu neno hili la kwetu lina hatari.

Kukosa kuna maana tatu. Mpiga mkuki akikosa, mkuki umepita kando ya mnyama. Mtu akikosa chakula, hana chakula. Mtoto akimkosa mzazi wake adabu, amefanya vibaya. Kiingereza hutenga mambo haya matatu kwa maneno matatu. Kiswahili huyatia katika chungu kimoja. Wala hatuko peke yetu. Neno la Kiyunani la kutenda dhambi, hamartanein, katika mashairi ya kale ya Homer lilitumika kwa mkuki usiompata adui. Wayunani na Waswahili waliona jambo moja: mkosaji ni mtu ambaye mkuki wake umepita kando.

Hata hivyo Kiyunani hakikufika mbali kama sisi. Kwao mkuki uliokosa shabaha na mtu aliyetenda dhambi vilikaa pamoja katika neno moja, lakini kwa mtu asiye na chakula walitumia maneno mengine, kama hili la kubaki nyuma. Sisi tumemweka maskini katika nyumba moja na mwovu. Mwenye kukosa unga na mwenye kukosa adabu huitwa kwa shina moja, na neno "mkosefu" lina harufu ya hatia. Ndiyo maana twawasifu wafasiri wa Muungano katika Warumi sura ya 3, mahali ambapo Paulo anataja dhambi na upungufu katika mstari mmoja. Wangaliweza kutumia "kukosa" mara mbili, na Kiswahili kingekubali. Hawakufanya hivyo. Dhambi waliiita dhambi, na upungufu waliuita kupungukiwa.

Nalo neno kupungukiwa, litazameni lilivyojengwa. Kitu hupungua, na mtu hupungukiwa nacho. Kinachotenda ni kitu. Mtu ndiye anayefikiwa na jambo. Mjane ambaye migomba yake imeshikwa na mnyauko amepungukiwa; hakukosa. Mwalimu anayeandika katika kitabu cha shule kwamba mtoto fulani ni "mkosefu wa ada" amwambie nini mtoto huyo akiuliza kosa lake? Afadhali aandike kwamba amepungukiwa na ada. Hapo kweli imesemwa yote, na mtoto hakuongezewa mzigo.

Neno la tatu lilikuwa "absence". Hapa kijana alipata sawasawa, akaandika apousia. Neno hili laonekana mara moja tu katika Agano Jipya, nalo ni katika Wafilipi sura ya 2, pamoja na mwenzake parousia. Yote mawili yana shina moja la kuwa: la pili ni kuwa karibu, la kwanza ni kuwa mbali. Kiyunani husema kwa jina. Wafasiri wetu walisema kwa kitenzi, wakimfanya Paulo kutaja wakati alipokuwapo na wakati asipokuwapo. Walifanya vema. Kiswahili hakipendi jina refu lisilo na mtu ndani yake. Chataka tujue ni nani asiyekuwapo.

Tena chataka tujue ni wapi. Mwingereza ana njia moja ya kusema kwamba mtu hayupo. Sisi tuna tatu: hayupo, hayuko, hayumo. Tofauti hiyo si mchezo wa sarufi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama katika ziwa karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Aliyetazama majina ya waliookolewa alisema "hayumo". Aliyetazama kitanda cha ndugu yake nyumbani alisema "hayupo". Aliyeulizwa njiani, naye hana mahali pa kuonyesha, alisema "hayuko". Mtu ni yule yule, na uchungu ni ule ule, lakini kila neno lina nafasi yake tupu. Mfasiri wa kutoka Kiingereza hawezi kuchagua kati ya hayo matatu kama hajauliza kwanza: ni wapi ambapo mtu huyu alitazamiwa kuwapo?

Sasa twafika kwenye neno lile ambalo kijana alilihitaji kwa ajili ya nyumba ya msiba. Katika Yohana 14, mstari wa 18, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia neno "comfortless", yaani wasio na faraja. Kijana aliligeuza kwa Kiyunani kwa kuunda neno lake mwenyewe la kukosa faraja. Lakini Kiyunani cha Yohana hakina neno la faraja katika mstari huo. Kina neno orphanous, maana yake yatima. Wafasiri wa Kiingereza walilijua, maana waliliandika pembeni mwa ukurasa. Labda walivutwa na mstari wa 16, mahali walipomwita Roho kwa jina la Mfariji, wakaona yafaa watu wake wasiwe watu wasio na faraja. Ni fundisho jema, lakini si neno lililoandikwa. Neno lile lile la Kiyunani laonekana tena katika Waraka wa Yakobo sura ya 1, panapotajwa wajane, na huko Kiingereza kilisema "wasio na baba". Basi msomaji wa Kiingereza hawezi kujua kwamba mahali hapo pawili panahusu watu wa jina moja. Msomaji wa Kiswahili ajua, maana pote pawili ameandikiwa "yatima".

Kwa Wayunani neno hilo halikuwa la watoto tu. Plato, akisimulia siku ya kufa kwa Socrates, mwaka 399 kabla ya Kristo, aeleza jinsi wanafunzi wake walivyojiona kama watu waliofiwa na baba, ambao wataishi yatima siku zilizobaki. Kwa hiyo Mwalimu anenapo neno hilo kwa wanafunzi wake usiku wa kuagana, anasema jambo ambalo Myunani yeyote angalilielewa.

Na Mhaya je? Katika nchi yetu neno yatima si neno la kitabu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilibaki na bibi na wajukuu. Huko Nshamba, wilayani Muleba, palianzishwa kazi ya kuwasaidia watoto hao, ikapewa jina la Kihaya, Humuliza, yaani fariji. Waliochagua jina hilo walijua kwamba faraja ni dawa, na uyatima ni jeraha. Kiingereza cha mwaka 1611 kilitaja dawa iliyokosekana, kikaacha kulitaja jeraha. Mtu mzima asiye na faraja aweza kufarijiwa leo jioni. Yatima hufarijiwa, na kesho asubuhi angali yatima.

Tulimwambia kijana hivi. Usiwaambie watoto wale kwamba hawana faraja, kwa maana majirani wamejaa uani na chakula kimeletwa. Wataona kwamba hujui unalosema. Soma neno lililoandikwa, yatima, ukijua kwamba watakaolisikia wanalijua kuliko wewe. Kisha usome mpaka mwisho wa mstari, mahali ambapo yeye anayewaaga wanafunzi anaahidi kuwajia.

Hapo Kiswahili kina msaada mmoja zaidi. Twaweza kusema "hakuja", na mlango umefungwa. Twaweza kusema "hajaja", na mlango u wazi. Kiyunani kina neno dogo la namna hiyo, oupo, nalo ndilo lililotumika Kana juu ya saa ambayo ilikuwa haijafika, mara tu baada ya kusemwa kwamba divai imepungua. Silabi moja, -ja-, hutenga upungufu uliokwisha kuamuliwa na upungufu ungojeao. Lakini mhubiri aitumie kwa uangalifu. Juu ya ahadi ya Bwana aweza kusema "hajaja". Juu ya mama wa watoto wale asiseme hivyo, wasije wakakaa mlangoni wakingoja.

Kijana alirudi na daftari baada ya juma mbili. Safu ya Kiingereza alikuwa ameiacha kama ilivyokuwa, maana ndiyo kazi aliyopewa. Lakini kati yake na Kiyunani alichora safu nyingine ya Kiswahili, na mbele ya kila neno akaandika maswali matatu: Kitu hiki kilikuwapo zamani, au hakijawapo? Ni nani aliyepungukiwa nacho, naye ana hatia au hana? Je, chatazamiwa kuja? Baada ya kujibu ndipo alipotafuta neno la Kiyunani, na mara nyingi alilipata.

Waalimu wenzetu wanaofasiri nyimbo, hotuba na vitabu vya shule twawaomba wajaribu safu hiyo ya katikati. Na wale wanaokijua Kihaya kuliko sisi na waongeze safu ya nne, maana bibi zetu walikuwa na maneno ya kupungukiwa kabla hatujasikia Kiingereza wala Kiyunani.