Nairobi Half Life na jirani asiyeonekana
Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ilitoka 2012, mwaka mmoja kabla serikali haijatuletea Nyumba Kumi. Nikiirudia leo, naona ilishajua: ushirikiano wa karao na mtaa ulikuwepo tayari, ila mshirika alikuwa mwizi. Mwas na genge lake wanaiba, askari wanakula, na mambo yakichemka wanaozikwa ni vijana. Hapo filamu haijadanganya.

Pengo lake ni jirani. Yuko wapi mama wa ploti anayesikia kila kitu usiku? Huku Eastlands, yeye ndiye Nyumba Kumi inataka aongee. Na swali lake halijajibiwa: nikiripoti, jina langu litabaki kituoni, ama litafika mtaani kabla yangu?