Mali Bila Daftari

Kwanza alivua viatu. Kisha alinawa miguu kwa maji ya ndoo, akaketi kwenye kigoda chini ya mwembe, akafungua kaunta buku mapajani, na chai aliyoletewa ikapoa bila kuguswa. Sisi watoto tulijua kwamba wakati huo Mjomba hasemeshwi. Alikuwa ametoka safari. Safari yenyewe huenda ilikuwa ya asubuhi moja tu: kutoka nyumbani, hapa Morogoro mjini, kuikwea njia ya Uluguru mpaka Morningside, kwenye ile nyumba kongwe ya Wajerumani, na kuteremka kabla ya mvua ya alasiri. Lakini kwa Mjomba kurudi nyumbani kulikuwa nusu ya safari. Nusu iliyobaki aliitembea kwa kalamu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kalamu zake zilikuwa mbili, kama enzi za kazi. Aliyoyaona kwa macho aliyaandika kwa wino wa bluu. Aliyoambiwa njiani aliyaandika kwa mwekundu. Hakutaka jicho lijisifie kazi ya sikio. Aliandika jioni ileile, maana kumbukumbu, alisema, huchacha ikilazwa. Alihesabu mivuko ya mto. Aliandika mahali alipopotea njia na nani aliyemrudisha. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alikuwa akituambia. "Wenye maduka wamelishika neno hili kana kwamba ni lao peke yao. Macho nayo huchuma."

Nilikuwa darasa la sita aliponichukua kwa mara ya kwanza. Tuliporudi, nami nikapewa ukurasa wangu. Niliandika: "Tulifika mtoni. Palikuwa pazuri sana." Mjomba akasoma, akalizungushia duara jekundu neno moja.

"Pazuri kwa nani, mpwa wangu? Samaki ana uzuri wake pale, na mwenye nguo za kufua ana wake. Wewe ulipata upi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake akanirudisha mtoni, akaniacha nimekaa juu ya mwamba, naye akaenda zake. Saa ya kwanza nilichoka. Saa ya pili nikaanza kusikia kwamba maji ya juu ya kivuko yanapiga kelele na ya chini yake yamenyamaza, ingawa ni mto mmoja. Ndipo wakaja akina mama wanaoteremsha ndizi na mboga kupeleka sokoni. Kila mmoja alitua mzigo wake kwenye jiwe lilelile, jiwe la bapa lililosimama kando ya njia, akanywa maji, akanawa uso. Wakati wa kuondoka walitwikana, huyu akimwinulia yule. Nikajiuliza wa mwisho atatwikwa na nani. Wa mwisho aliinama kidogo mbele ya jiwe, akausogeza mkungu ukingoni, akajitwika peke yake, akasimama. Jiwe lilikuwa na kimo cha mtu aliyeinama. Juu yake liling'aa kama sakafu iliyopigwa deki miaka mingi.

Niliandika mistari kumi na miwili. Mjomba alisoma mara mbili, akaniuliza swali moja tu: "Linaitwaje?" Nikarudi mtoni mara ya tatu. Bibi mmoja akanicheka kwa upole, akasema halina jina, wao husema tu "tukutane jiweni". Nikaliandika neno hilo kwa wino mwekundu. Sijawahi kupata cheti kilichonipa furaha kama ile.

Siku hiyo nilijifunza kwamba ufundi huu wa kuandika safari haupimwi kwa umbali. Mjomba aliwahi kupanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, akaliona Ziwa Tanganyika na dagaa walioanikwa mchangani. Kigoma ilipata kurasa kumi na moja. Mto ulio chini ya nyumba yetu ulipata kumi na nne. Hakuona ajabu yoyote katika hesabu hiyo. Mahali pa mbali pana wengi wa kupasimulia, alisema. Kijito cha nyumbani kinakutegemea wewe.

Wala ufundi huu haukuanzia chini ya mwembe wetu. Mwaka 1901, huko Göttingen, Ujerumani, kilichapwa kitabu Safari za Wasuaheli. Aliyekikusanya ni Carl Velten, Mjerumani, lakini miguu na macho ni ya watu wa kwetu. Humo Salim bin Abakari anasimulia safari ya mwaka 1896 ya kuvuka Urusi mpaka Siberia. Humohumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anasimulia jinsi alivyokwenda Udoe na Uzigua, nchi za nyuma ya mji wake, ambako leo basi la Msata hufika kabla abiria hajamaliza chupa ya maji. Mmoja kaenda kwenye theluji, mwingine kaenda kwa jirani, na katika jalada moja wamekaa kama ndugu. Mtoro hakudhani kwamba jirani hahitaji kuulizwa habari zake. Baadaye Martin Kayamba wa Tanganyika alikwenda London mwaka 1931, naye akarudi na kitabu. Huo ndio ukoo wa daftari la Mjomba.

Siku hizi vijana wanaopanda Uluguru ni wengi kuliko zamani, na nawafurahia. Juzi kijana wetu mmoja alirudi kutoka kilele cha Lupanga. Nikamuuliza ameona nini. Akanikabidhi simu. Picha zilizidi sitini, na katika karibu zote amesimama yeye, mikono ameitanua, nyuma yake ukungu. Nikamuuliza walivuka vijito vingapi, na nani aliwaonyesha njia. Alifikiri kwa muda mrefu, masikini, kama mtu anayejipapasa mifuko.

Simlaumu. Hakuna aliyempa kalamu mbili. Sisi tulimkalisha kwenye dawati, tukamwambia aandike insha ya "Safari Yangu" bila kumpeleka popote, tukamsifu kwa mwanzo wa kukariri wenye majogoo na mapambazuko. Tulimfundisha kwamba safari ni maneno yaliyo tayari. Alipopata ya kweli, hakujua kwamba nayo inataka maneno.

Mjomba alifariki wakati wa masika. Baada ya arobaini nilikwenda kuulizia madaftari yake, yaliyokuwa katika sanduku la bati. Sanduku nililikuta limejaa mahindi. Madaftari, wakaniambia bila kuficha chochote, alipewa mama anayeuza karanga. Karatasi zilikuwa nyingi, naye alihitaji za kufungia karanga. Hakuna aliyekusudia ubaya. Nilibakiwa na daftari moja tu, lile aliloniazima, lenye mistari yangu kumi na miwili. Ndizi za upande ule sasa hushuka kwa bodaboda, njia imepanuliwa, na nilipokwenda kulitafuta lile jiwe sikuliona. Lipo katika ukurasa huo, na katika vichwa vya akina mama wachache waliozeeka.

Mpaka leo nikinunua karanga za kikaratasi, huzimimina zote mkononi kwanza. Kisha naikunjua karatasi polepole, nikitafuta wino wa rangi mbili. Mara nyingi huwa ni hesabu za mtoto wa darasa la nne. Nazisoma hata hizo, kisha naikunja karatasi na kuitia mfukoni.