Kipi Hutangulia, Fikra au Hisia?

Mtu akiitwa ghafla na mkubwa wake wa kazi, moyo humdunda, viganja humtoka jasho, na wazo kwamba leo anafukuzwa linakuwa limeshampitia kichwani. Kipi kilianza? Mwenyewe hawezi kusema, maana yote yametukia kufumba na kufumbua. Wapo wanasaikolojia waliotumia maisha yao kuipasua nukta hiyo na kuipanga hatua kwa hatua. Kazi yao naistahi sana, na anayeisoma kwa utulivu hujifunza namna ya kuuliza swali hadi likubali kupimwa.

Mwaka 1884 Mmarekani William James alipindua mazoea ya watu. Kwa maoni yake, mwili hutetemeka kwanza, na kule kuuhisi mtetemeko ndiko kuogopa kwenyewe. Mwaka 1927 mwanafiziolojia Walter Cannon alimpinga: viungo vya ndani huitikia polepole mno, tena moyo huenda mbio katika hofu na katika hasira pia. Ikiwa mwili ni uleule, basi ni nini kinachozitenga hisia hizi?

Richard Lazarus wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijibu kwamba ni tathmini: namna mtu anavyolipima jambo, kama lina heri au shari kwake. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake waliwaonyesha watu filamu ya ajali za karakana ya useremala. Kidole kinakatika, ubao unachomoka kwenye msumeno wa umeme na kumuua mtu. Kabla ya filamu, baadhi ya watazamaji waliambiwa kwamba hakuna aliyeumia kweli. Wengine waliombwa waangalie kama wachunguzi tu. Vipimo vya mapigo ya moyo na jasho la ngozi vilionyesha kwamba makundi haya mawili yalitaharuki kidogo kuliko wale ambao hawakuandaliwa hivyo. Picha zilikuwa zilezile, ila maneno machache ya utangulizi yalitosha kuupoza mwili.

Mwanasaikolojia Robert Zajonc hakuridhika na jibu hilo. Mwaka 1980, akiwa na William Kunst-Wilson, alitoa matokeo ya jaribio ambalo watu walionyeshwa maumbo ya pembe nane kwa milisekunde 1 tu. Baadaye walipoulizwa ni umbo lipi wamewahi kuliona, walibahatisha tu. Walipoulizwa lipi linawapendeza, mara nyingi zaidi walichagua lile walilokwisha kuonyeshwa. Upendeleo ulikuwa umeingia bila wao kutambua chochote, na Zajonc akashikilia kwamba hisia inaweza kutangulia bila kungoja fikra. Lazarus naye akajibu kwamba tathmini haihitaji kuwa ya polepole wala ya kujitambua. Walibishana hadharani, katika jarida moja, na kila mmoja akailazimisha hoja ya mwenzake ikae sawa.

Ubishi wa namna hii ni hazina. Mwanafunzi anayetaka mshindi mmoja ataondoka mikono mitupu; anayeuliza kila nadharia inaeleza hisia ipi, na kwa ushahidi gani, ataona kwamba njia ni zaidi ya moja.

Na faida haikubaki maabara. Huko Philadelphia, katika miaka hiyohiyo ya 1960, daktari Aaron Beck aliwasikiliza wagonjwa wa sonona na kugundua mawazo mepesi, ya ghafla, yanayopita kabla huzuni haijashuka: sifai, nimeshindwa, hakuna atakayenipenda. Aliwafundisha kuyakamata na kuyadai ushahidi. Tiba iliyozaliwa humo leo hutumika duniani kote. Wahenga walituonya kwamba hasira hasara. Wataalamu hawa wametuonyesha hatua zilizopo kabla ya hasara hiyo, na kwamba katika baadhi yake tunaweza kusimama na kuchagua. Elimu inayompa binadamu nafasi hiyo inastahili kusomwa na kila mtu.