Sifa kwa Fundi Asiyekimbilia Spana

Injini isiyowaka haina ubishi: kila aliyepo gereji anaona kwamba haiwaki. Breki inayolia inasikika hadi barabarani. Lakini mwenye pikapu ya dizeli akija na kusema, "Fundi, eksileta imekuwa kali mno, nikiigusa tu gari linaruka," ameleta lalamiko ambalo nusu yake iko kwenye chuma na nusu iko kwenye mguu wake mwenyewe. Hapo ndipo fundi hodari na mfungua nati wanapotengana. Mfungua nati anapiga simu kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kuulizia bei ya pedeli. Fundi anauliza maswali.

Linaruka likiwa la baridi au likishapata moto? Gia ya kwanza tu au zote? Tupu au na mzigo? Ilianza ghafla au ilikuja polepole? Nani alilishika kabla yangu? Kisha anamwachia mwenye gari usukani, yeye anakaa kiti cha pembeni, na macho yake hayako barabarani. Yako kwenye mguu wa dereva. Kwenye njia ya makorongo, gari linarusha mguu, mguu unakanyaga mafuta, mafuta yanarusha gari, na mchezo unaanza upya. Dereva huyo ameketi mbali na kisigino chake kinaelea. Dawa yake ni kusogeza kiti mbele na kukitua kisigino sakafuni, na dawa hiyo haiuzwi dukani.

Mguu ukiwa hauna kosa, mkono unafuata. Katika Hilux za zamani zenye injini kama 3L na 5L, pedeli huvuta kebo ya chuma hadi kwenye pampu ya dizeli. Fundi anaivuta kebo kwa kidole. Iliyoshika kutu hugoma, kisha huachia yote kwa mpigo, na dereva huhisi ameruka bila kupenda. Springi ya kurudisha ikichoka, pedeli inakuwa nyepesi kupita kiasi. Kapeti iliyojikunja chini yake nayo ina visa vyake. Yote haya hupimwa kwa macho, vidole na subira.

Katika Hilux nyingi za injini za D-4D kebo imeondoka. Pedeli imekuwa ombi tu: inaiambia kompyuta dereva anataka nini, na kompyuta inaamua dizeli kiasi gani kiingie, baada ya kuangalia joto, hewa na mwendo wa injini. Sensa ya pedeli hupewa volti 5 na kurudisha ishara mbili. Mguu ukiwa juu, katika gari nyingi za namna hiyo moja husoma volti 0.8 hivi na nyingine 1.6 hivi. Fundi anashikiza mita, anaizamisha pedeli taratibu na kuangalia kama zote mbili zinapanda pamoja bila kuruka wala kusita. Sensa za awali zilikuwa na kijibrashi kinachosugua njia ya kaboni, nayo hulika zaidi pale mguu unapokaa kutwa. Nyingi za sasa hutumia sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879, na hakuna kinachosuguana.

Fundi anayeelewa kwa nini ishara ni mbili ameshika jambo kubwa. Mbili zimewekwa ili zichungane. Zikipingana, taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia inaonyesha kodi kama P2138, na kompyuta inapunguza nguvu kwa usalama. Kwa hiyo sensa mbovu mara nyingi humfanya dereva alalamike kwamba gari limekufa nguvu, si kwamba linaruka. Ajuaye hilo hamnunulishi mteja pedeli mpya kwa sababu tu lalamiko limetaja pedeli.

Anatafuta kwingine. Je, mmiliki wa kwanza alichomeka kisanduku kati ya pedeli na soketi yake ili gari lionekane jepesi? Je, programu ya kompyuta ilibadilishwa kuongeza nguvu? Kwa Hilux zilizoanza kutoka mwaka 2015, je, kitufe cha nguvu (PWR) kimebonyezwa na kusahaulika? Kisha anaingia chini ya gari na kuzungusha propela kwa mkono. Krosi zilizolegea, meno ya difu yaliyolika na maunti za injini zilizopasuka hufanya kama kamba ya kuvutia gari: inalegea, kisha inakaza kwa kishindo. Katika Hilux nyingi, injini ya D-4D ya lita 3.0, yaani 1KD, hufikia mvuto wa newtoni-mita 343 kuanzia mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Mvuto huo ukikutana na ulegevu wa aina hiyo, dereva anaulaumu mguu wake au pedeli, wakati kosa liko kwingine.

Huu ndio ufundi ninaousifu, na unalipwa vibaya. Tumezoea kulipia kinachoonekana: kifaa kwenye boksi, mikono yenye grisi, nati zilizofunguliwa. Aliyebadilisha pedeli, sensa na nozeli, kisha akabahatisha, anaondoka na fedha. Aliyefikiri saa mbili na kusema "kisogeze kiti, hakuna cha kubadilisha," anapewa ya soda. Mashine ya kupimia haikulitatua hili. Inasoma kodi, lakini kuuliza kodi hiyo imetoka wapi bado ni kazi ya mtu.

Basi tupatane bei ya kupima kabla ya bei ya kutengeneza, na tuilipe hata pale jibu linapokuwa kwamba gari ni zima. Vijana wanaojifunza gereji hawafuati mawaidha, wanafuata kinacholipa. Wakiona anayeuliza anakula vizuri kuliko anayefungua, watajifunza kuuliza, na ni sisi wenye magari tutakaoacha kununua vifaa ambavyo havikuwa vimeharibika.